Mpingo Usiostahimili Kwao

Katika vyote vilivyopata kutoka nchi hii vikaenda Ulaya, vikakaa huko muda, kisha vikarejea na madaha mapya na manung'uniko juu ya hewa ya nyumbani, sijaona kilichoushinda mpingo. Mti huu humea nyikani kwetu kwa saburi isiyo kifani, miaka 70 hata 100 kabla haujafaa kukatwa, ukistahimili kiangazi, moto wa nyika na meno ya mbuzi. Moyo wake ni mweusi, tena mzito hata ukiutia majini huzama. Na wachongaji wa Kimakonde wameutia tezo na patasi miaka yote hiyo pasi na kuambiwa kwamba una maradhi yoyote. Lakini ukisha kukatwa kule Kilwa au Lindi, ukapasuliwa vipande vya mraba, ukapakiwa melini, ukakaushwa taratibu na Wafaransa, ukatobolewa tundu la katikati, ukavishwa vyuma vinavyong'aa na kuitwa klarineti, basi hurudi kwetu pamoja na karatasi ya masharti: usiuweke juani, usiuweke penye upepo, usiupulize asubuhi ya baridi kabla haujapata joto, wala usiuache mahali pakavu. Nami nauliza kwa taadhima zote: hapa Dodoma, mita zipatazo 1,100 juu ya bahari, ambapo tangu Mei hata Novemba aghalabu hatuoni tone la mvua, mahali pasipo pakavu ni wapi?

Mambo haya hayakunihusu hata kidogo mpaka mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa alama zilizowatosha wazazi wake kumwona tayari mwanasheria, alipotamka mbele ya majlisi ya ukoo kwamba anataka kwenda chuo cha muziki, na wala si muziki wa gitaa au wa kompyuta, ambao wazee wangeweza kuusamehe kwa tamaa ya fedha, bali wa klarineti. Ugonjwa huo aliambukizwa na jirani yetu wa Chang'ombe, mstaafu wa bendi ya askari ambaye mtaa mzima humwita Afande, na ambaye hata leo, bendi ikipiga siku ya kufunguliwa Bunge, huzima sauti ya redio ili asikie kwanza moyoni mwake namna ambavyo yeye angepiga, kisha huifungulia ili awakosoe. Bendi za askari zina watoto wengi katika nchi hizi. Hata ngoma ya beni ya pwani, pamoja na ushindani wake wa Marini na Arinoti, ilizaliwa kwa kuziigiza. Basi sikuona ajabu kwamba zimempata na mpwa wangu.

Aliyeona ajabu ni babu yake, aliyekuja kutoka Chamwino na ala yake ya ilimba kwapani. Baada ya watu kumwamkia, "Mbukwenyi," naye akaitikia, aliomba kukiona hicho kitu. Akakigeuza, akachungulia tunduni, akahesabu vyuma vyake, akauliza kikiharibika hutengenezwa na nani. Aliposikia kwamba fundi wa karibu hajulikani, alicheka kicheko kirefu, akatuonyesha kwenye ubao wa ilimba yake kitundu kilichozibwa kwa utando wa buibui, ambao ndio huipa sauti ile ya kuvuma, akasema kwamba utando ukichakaa yeye huenda ukutani akachukua mwingine, na buibui hajapata kumpa ankara. "Hukwe Zawose," akaendelea, "alitoka huku huku kwetu, akafika Ulaya na ilimba na zeze, Wazungu wakamlipa. Wewe mjukuu wangu, kufika Unguja tu wataka uuze ng'ombe?"

Unguja ndiko alikokuchagua kijana. Tulimtajia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981 na ambako Zawose mwenyewe alifundisha. Tukamtajia Makumira kule Arusha, ambako mtu hupata shahada ya muziki na jina la chuo kikuu la kuwaambia majirani. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuupeleka moyo wake kwenye chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kwa hoja kwamba anataka kuketi kati ya kanuni, udi na fidla, asikie taarabu inasemaje na klarineti. Baba yake mdogo, mwenye shamba la zabibu Hombolo, ambaye kwa neema ya ardhi yetu huvuna mara mbili kwa mwaka na kwa hiyo huombwa mchango mara mbili, hakuuliza juu ya kanuni wala udi. Aliuliza tu: "Kitu hiki kinalipa?" Hakuna aliyemjibu, naye akaahidi kuchangia huku akisema kwamba swali lake linabaki palepale.

Maombi ya siku hizi hutaka mtu apeleke video yake akipiga. Ilitubidi basi tutafute saa ya utulivu katika mtaa wa Chang'ombe, jambo ambalo namwachia msomaji alipime mwenyewe. Alfajiri kuna majogoo. Asubuhi kuna mnunuzi wa chuma chakavu na kipaza sauti chake. Mchana bati hulia kwa upepo. Tulipodhani tumeipata nafasi, kijana akaingia katika kipande cha Mozart kwa adabu na utaratibu, akafika pale polepole panapotaka pumzi ndefu, na papo hapo akapita muuza askrimu wa baiskeli, ambaye sanduku lake hupiga wimbo wake lenyewe bila ya kuchoka. Mpwa wangu, maskini, sikio lake ni jepesi mno. Vidole vikaacha vya Mozart vikafuata vya askrimu, na watoto wa mtaa, ambao hawakuwa wamejali chochote tangu mwanzo, wakaja mbio na sarafu mkononi wakamzunguka yeye.

Mwalimu wa kwaya, mtu muungwana sana, akajitolea tufanyie kazi hiyo kanisani, na yeye amsindikize kwa kinanda. Hapo ndipo ilipozuka ikhtilafu ambayo nusura igawe usharika. Klarineti iliyo ya kawaida duniani ni ya B flati: mpigaji akisoma C, chombo hutoa B flati, yaani hatua nzima chini, na mwenye kinanda sharti ajue hilo ahamishe ufunguo wake. Lakini mwalimu wetu, kama walivyo wengi wa kwaya zetu, amelelewa na nota za do-re-mi zilizoandikwa kwa herufi, na ameishi miaka mingi kwa amani bila ya kukutana na chombo kinachosema jambo moja na kumaanisha jingine. Wakaanza pamoja, kanisa likajaa kelele za watu wawili wanaokwenda Iringa kwa njia mbili. Mwalimu akasimama, akasema kwa upole, "Mwanangu, sisi hapa do ni do." Kijana akajibu, "Shikamoo mwalimu, hata hii ni do." Afande, aliyekuwa ameketi nyuma, akanguruma kwamba wote wawili wana haki na wote wawili wakamatwe.

Video ikapatikana hatimaye, sitaki kueleza ilivyopatikana, na suala likabaki la chombo chenyewe, kwa kuwa hicho kilichokuwa kikitumika kilikuwa cha Afande, cha mpingo, kizee, nacho kilikuwa kimeanza kutishia kupasuka. Sababu yake ni hii: pumzi ya mtu ina joto na unyevu, nayo huutanua mti kwa ndani, ilhali nje umekazwa na baridi na ukavu wa asubuhi ya Julai, ndani ikitaka kupanuka na nje ikikataa, mti huamua shauri kwa kupasuka. Afande alikuwa na dawa aliyofundishwa jeshini, ya kuweka ganda la chungwa ndani ya sanduku ili kuleta unyevunyevu. Dada yangu, ambaye hafanyi jambo nusunusu, akaweka chungwa lenyewe, limemenywa vizuri. Asubuhi kijana alipoipuliza klarineti ikatoa sisimizi kabla ya sauti, nao walikuwa wengi, tena wenye hasira, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kugawana vyumba.

Ama matete ya kutia mdomoni, huo ulikuwa msiba wa peke yake. Yale yanayosifiwa hutokana na mmea uotao mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa, nayo huuzwa kwa namba kulingana na ugumu wake, na kwa ukavu wetu hupindika kabla mtu hajajua kama yalikuwa mazuri. Shangazi yake aliyeko Maskati, mji wenye okestra ya kifalme tangu mwaka 1985, na kwa hiyo wenye vifaa, akatuletea sanduku zima kwa mkono wa msafiri. Tulimshukuru kwa simu kwa sauti kubwa, na hatukumwambia kamwe kwamba yalikuwa ya saksafoni, mapana kupita kiasi. Baba mdogo, akiona fedha za zabibu zinavyokwenda, akakata matete ya bwawa la Hombolo, akayachonga kwa wembe kwa ustadi ambao sikuutarajia. Kijana akalifunga moja na kupuliza. Mbuzi wa jirani waliitika wote, na mmoja akaja mpaka mlangoni.

Basi majlisi ikaketi tena kuchagua chombo. Mimi, ambaye sipulizi chochote ila chai ya moto, nilisema wazi kwamba anunuliwe ya plastiki: haipasuki, haiogopi jua, bei yake nafuu, na hakuna mtu aliyeketi nyuma ya pazia atakayejua tofauti kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mpaka leo naamini hivyo. Afande akaniangalia kama mtu aliyetukana bendera. Kijana akasema kwa heshima, "Mjomba, mpingo ni wetu." Hoja hii iliwaingia wazee, na ni hoja nzuri, isipokuwa kwamba klarineti mpya ya mpingo ya mpigaji wa kweli aghalabu haipatikani chini ya dola 3,000, na mti ulio wetu ukigharimu hivyo nashindwa kuelewa ni wetu kwa namna gani. Nikawaeleza kwamba Buffet Crampon wa Ufaransa wana nyingine iliyotengenezwa kwa unga wa mpingo, nyuzi za kaboni na gundi, nayo haipasuki. Yaani mpingo huweza kuishi Dodoma, sharti usagwe kwanza. Babu akauliza ni nani huko anayesaga mipingo, na kama ana akili timamu. Ikaamuliwa kwamba Afande auze yake kwa bei ya ujirani, naye akalia kidogo, akaongeza bei.

Siku chache kabla ya safari kijana alikwenda kuthibitisha nakala za vyeti katika jengo moja la serikali ambalo silitaji, na sanduku lake mkononi. Mlinzi akaona mabomba meusi yenye vyuma, yaliyolazwa vipandevipande katika mahameli, akashuku, akataka ithibitishwe kwamba ni ala ya muziki. Kijana akaiunga, na kwa hofu vidole vikashika wimbo ule ambao Afande alimwanzia nao masomo, nao ni Wimbo wa Taifa, sauti ile ile ya Enoch Sontonga ya mwaka 1897. Mlinzi akakakamaa. Foleni nzima ikasimama wima, mikono ubavuni. Makarani wakaacha mihuri. Mzee mmoja akavua kofia. Kijana alitaka kukoma, lakini ni nani awezaye kuukatiza wimbo ule katikati mbele ya watumishi wa serikali? Akaumaliza beti zote mbili, na vyeti vyake vikagongwa mhuri bila ya kupanga foleni.

Alikubaliwa. Juzi alipiga simu kutoka Unguja, nasi sote tukakusanyika kibarazani kwa Afande kumsikiliza. Mti uliokuwa ukililia unyevu kwetu sasa umeupata wote kwa pamoja: kiungo cha kati kimevimba hata hakiachani, klarineti haiingii tena sandukuni, naye anatembea nayo nzima nzima katika vichochoro vya Mji Mkongwe, watalii wakimwona humsimamisha apige, na wakiondoka humwachia noti. Fundi mmoja wa majahazi amejitolea kuitenganisha kwa nyundo. Afande aliruka kutoka kitini akapiga kelele kwamba asithubutu, lakini baba mdogo alikuwa amekwisha kuichukua simu, ameitia sikioni, na anauliza kwa sauti ya chini, "Noti za kiasi gani?"