Jinsi ya Kupigwa Picha Ugonjwa Usionekane

Dada wa Kisii au Nyamira, ukitaka endometriosisi ikukae mwilini miaka na miaka bila daktari kuibughudhi, mwongozo ndio huu. Si mgumu. Wengi huufuata bila hata kuelekezwa.

Anza na kuchagua siku. Kifua kikikubana hedhi inapoanza, meza dawa ya maumivu, uende ukachume chai. Mama mkwe atasema kila mwanamke huumwa, mwitikie. Katika ugonjwa huu, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huweza kuota kifuani, na pafu, mara nyingi la kulia, likasinyaa kwa hewa inayovuja katika siku tatu hivi za kuanza kwa hedhi. Kwa hiyo subiri pumzi irudi, ndipo upande matatu ya Kisii ukapigwe eksirei. Huenda picha ikatoka safi.

Kisha tunza siri. Kabla ya eksirei huenda ukaulizwa tarehe ya hedhi ya mwisho. Usishtuke, wanachohofia ni mimba tu. Sema hukumbuki. Ukitema damu kila mwezi, taja kikohozi, kalenda iache nyumbani. Kila mtu atafikiria TB, na makohozi yakipimwa, vijidudu visionekane, usiulize swali la pili.

Sasa kovu, maana tishu hiyo huweza kuota hata humo, na hapa ndipo penye ufundi. Uliyejifungua kwa upasuaji, ukiota kinundu kwenye mshono kinachovimba na kuuma kila mwezi, kiite uzi uliobaki, henia au jipu, chochote kisichohusu hedhi. Ultrasaundi, kipimo cha bei nafuu, huweza kukionyesha kama doa jeusi lenye kingo zilizochongoka. Lakini mpimaji hupitisha kifaa pale fomu inapomtuma. Fomu ikisema “nyonga”, atatazama kizazi na ovari, atakuta salama, nawe utarudi nyumbani na kinundu chako. MRI iogope: damu ya zamani huweza kung’aa nyeupe humo. Hata hivyo, bei yake itakulinda.

Ukipewa ripoti ya “hakuna kasoro”, itie kwenye fremu. Usimsikilize anayesema picha safi haiufuti ugonjwa, na kwamba wakati mwingine haupatikani mpaka kamera iingizwe kifuani na kipande cha nyama kipelekwe maabara.

Habari za Njambi Koikai, mtangazaji wa reggae, usizisome kabisa. Alieleza hadharani jinsi ugonjwa huu ulivyokuwa ukiyasinyaza mapafu yake, akasafiri hadi Atlanta, Marekani, kufanyiwa upasuaji mwaka 2018. Alifariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024.

Na kama mwongozo huu umekuchukiza, andika tarehe za hedhi na za maumivu kwa miezi mitatu, mpe daktari anayejaza fomu ya picha, na usiondoke mezani pake kabla hajaziandika humo. Ila pumzi ikikatika ghafla, usingoje kalenda: nenda hospitali siku hiyo hiyo.