Kodi kwa Kompyuta: Mwongozo wa Mwenye Butike wa Ngungu

Programu za kodi zimetungwa na watu wanaoamini kwamba serikali ni moja. Utaligundua hilo Ngungu, Kivu Kaskazini, mara tu ukiwasha kompyuta, kabla hata betri haijaisha. Dirisha litafunguka, likutake uchague mamlaka inayokutoza, nawe utapewa nafasi moja tu ya kujaza. Usikasirike. Fungua jedwali tupu, ongeza safu yenye kichwa "Nani", na uipanue mpaka ukingoni.

Anza na kodi nyepesi, ile ya sheria. Ordonansi ya 2013 kuhusu biashara ndogo iliweka kwamba asiyezidi mauzo ya faranga milioni 10 kwa mwaka anatoa faranga 50,000, basi. Akizidi hapo, ilimradi bado ni biashara ndogo, anatoa asilimia 1 ya mauzo kama anauza bidhaa, au 2 kama anauza huduma. Mtoto wa darasa la nne ataimaliza hesabu hiyo kwa kijiti mchangani. Ugumu uko kwenye ukurasa unaofuata, unaokutuma benki. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji. Bonyeza "Nikumbushe baadaye".

Sasa jetoni. Huko Walikale na sehemu za Masisi, kundi lenye silaha la NDC-R la Guidon lilijulikana kwa mtindo huu: kila mtu mzima atoe faranga 1,000 kwa mwezi, apewe kikaratasi, na asiye nacho asipite. Kwingine kodi ya namna hii inaitwa "lala salama". Programu itakuuliza ni gharama ya aina gani. Bima? Bima humlipa aliyepatwa na janga. Ulinzi? Kwa kawaida mlinzi na mwizi ni watu wawili. Mimi ningeiweka chini ya "Pango", maana unalipia kulala kwenye kitanda chako mwenyewe. Kisha jumlisha: watu wazima wanne nyumbani, miezi 12, faranga 48,000. Kwa ordonansi ile, Jamhuri nzima, yenye bendera, bunge na wimbo, inaitoza butike yako 2,000 tu zaidi ya hapo.

Bariera, vile vizuizi vya barabarani, zinataka ukurasa wake. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariera 798 katika Kivu mbili, 312 kati yake Kivu Kaskazini. Ongeza safu ya "Mwisho wa matumizi", kwa sababu risiti ya bariera hufa kwenye kona inayofuata. Mwenye chukudu, kile kigari cha mbao, la maharage ataandika vikombe vilivyochotwa. Mwenye jibini ana kazi zaidi: bidhaa inapakiwa ikiwa mviringo, inashuka sokoni ikiwa na pembe. Kilichokatwa njiani kiandike "uvukizi". Wahasibu wanaliheshimu neno hilo.

Ukifika kwenye "Wategemezi", usiandike watoto peke yao. Vijana wa bariera umewalisha mwaka mzima, umewanunulia sigara na vocha za simu. Kwa kipimo chochote cha programu, ni wanao. Salongo nayo, kazi ya lazima ile ya kubeba mizigo ya afande au kuchonga barabara yake, haina bei, kwa hiyo iingize chini ya "Uchakavu wa mitambo". Mtambo ni mgongo wako.

Mambo huwa mazito mamlaka yakibadilika katikati ya mwaka. Programu inadhani mwaka wa fedha unakwisha Desemba 31. Wenzetu wa Rubaya, mwaka wao ulikatika Aprili 30, 2024, M23 ilipoingia. Baadaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi ya koltani huko ilikuwa ikiingiza takriban dola 800,000 kwa mwezi, makusanyo ambayo hayakumhitaji mchimbaji hata mmoja kufungua akaunti wala kukumbuka nenosiri. Kwako swali ni la makaratasi. Sheria za biashara za OHADA, ambazo Kongo inazifuata tangu 2012, zinataka hati za hesabu zitunzwe miaka 10. Jetoni ya wale wa jana, ikikutwa mfukoni mwako na hawa wa leo, si hati ya hesabu tena. Ni ushahidi kwamba ulikuwa upande wao, na huna pa kueleza kwamba ulikuwa upande wa maharage yako. Katika hatua hii funga programu, tumia kiberiti.

Ikibaki faida, iache safu yake tupu. Faili lipe jina la mazishi ya mjomba, mtu asitamani kulifungua. Bei ya kupita huwekwa kwa kukutazama tu, na hakuna kinachoipandisha kama mtu anayeshuka kwenye pikipiki akiwa na kompyuta mgongoni. Utaambiwa ulipie na kompyuta pia. Lipa, halafu ingiza kiasi hicho chini ya "Ada ya programu".