Bei Imo Kichwani mwa Muuzaji

Tarehe 28 Machi 2025 ilitoka kanuni mpya, Tangazo la Serikali Na. 198: marufuku kutangaza, kunukuu au kupanga bei ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni humu nchini. Bei ni shilingi, basi. Wenye nyumba za Masaki waliozoea kudai kodi kwa dola wakapata la kufikiria, na wenye hoteli za watalii vilevile. Sisi huku Songea tukapiga makofi, maana hatimaye shilingi yetu imepewa heshima yake. Kisha nikaingia dukani pale Mfaranyaki kununua ndoo, nikaangaza macho ukutani, rafuni na kwenye ndoo yenyewe, nione hiyo bei ya shilingi imeandikwa wapi.

Haikuandikwa. Haijawahi kuandikwa. Bei za huku mtu huzisikia tu, na kila akizisikia zimebadilika.

"Kijana, ndoo hii shilingi ngapi?"

Muuzaji hajibu papo hapo. Kwanza anakutazama miguuni, na hapo ndipo bei inapopangwa. Kiatu cha ngozi, ongeza elfu moja. Shati la kuchomekea na kalamu mfukoni, tena mwisho wa mwezi, wewe ni mtumishi na mshahara umeshasoma. Ongeza elfu mbili. Ukija na bodaboda inayokusubiri nje huku inaunguruma, huna muda wa kubishana, na yeye anajua. Mama watoto alishanishauri nikienda dukani nivae kandambili na ile suruali ya kupakia rangi. Nikamtii. Muuzaji akanitazama, akaniambia ndoo zimekwisha.

"Elfu kumi na mbili, mzee wangu," ndivyo alivyosema huyu wa siku ile.

"Mbona jirani yangu kanunua hapahapa kwa elfu tisa?"

"Ule ulikuwa mzigo wa zamani. Huu ni mzigo mpya."

Naomba tuuzungumzie huu mzigo mpya, maana ndio msingi wa uchumi wa mji huu. Ndoo aliyoniteremshia ilikuwa juu kabisa, imefunikwa na vumbi la tangu masika iliyopita. Aliipangusa kwa kitambaa palepale mbele yangu, alama za vidole zikabaki kwenye mfuniko. Mzigo mpya! Bei ikipanda Kariakoo asubuhi, hadi adhuhuri kila kitu Songea kimegeuka mzigo mpya, hata kiberiti kilichonyonya unyevu. Ikishuka Kariakoo, utasikia: "Huu bado wa zamani, mzee, tuliununua ghali." Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 900. Bei inayopanda husafiri kwa simu, ile inayoshuka husafiri kwa lori bovu.

Ukiendelea kubisha, wanakutupia la mafuta: "Mafuta yamepanda." Hapo wamekosea mtu, kwa sababu bei ya mafuta ndiyo pekee ninayoijua. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa bei kikomo, mji kwa mji. Songea tuna mstari wetu, Mbinga wao wana wao, hata Mbamba Bay kule ziwani hawakusahaulika. Kituo ni lazima kiweke bango la bei mahali panapoonekana, na kutoliweka ni kosa kisheria. Kwa hiyo kitu kimoja ambacho bei yake naweza kuisoma nikiwa ng'ambo ya barabara, kwa tarakimu zinazowaka usiku kucha, ni petroli. Mimi gari sina, hata pikipiki sina. Lakini naijua bei ya petroli kuliko bei ya unga ninaokula kila siku.

Niliwahi kumwuliza Mkinga mmoja, mwenye duka la jumla na rejareja, mtu mwema na mcha Mungu, kwa nini asibandike karatasi yenye bei. Alicheka mpaka akashika kaunta.

"Mzee, nikiandika leo, kesho nitaandika nini?"

"Utafuta, uandike mpya."

"Na wewe ukija na ile ya jana umeipiga picha?"

Nilikosa jibu. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba karatasi ya bei inasomwa kwanza na mwenye duka la pili. Bora bei ikae kichwani, akasema, huko hakuna mtu wa kuichungulia.

Jirani yangu, mzee wa Matarawe aliyestaafu ualimu, hataki hata kunisikiliza ninapodai bei ziandikwe. Anasema zilishaandikwa sana. Mwaka 1973 nchi ilipata sheria ya kudhibiti bei na Tume ya Taifa ya Bei, na tangu hapo Serikali ikawa inapanga bei za bidhaa kwa mamia na mamia, mpaka vitu vya jikoni. "Dukani RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, bei ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri sana," anasema. "Kilichokosekana ni sabuni." Anaikumbuka bei ya sabuni mpaka leo, kwa sababu alikuwa na muda wa kuisoma akiwa kwenye foleni.

Nilimbishia, nikamwambia hayo ni ya kale, soko huria limekuja. Kisha ikafika Januari 2024. Mvua za El Niño zilikuwa zimevuruga uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, na Bodi ya Sukari ikatoa bei elekezi kwa kila kanda. Ndiyo hiyo sasa, nikasema, bei imeandikwa! Nikaenda nayo dukani nimeikariri. Sukari hakuna. Duka la pili, hakuna. La tatu, muuzaji akaniuliza kwanza nimetokea mtaa gani, kisha akainama chini ya kaunta, akatoa mfuko wa kilo moja uliofungwa kwenye gazeti, akanitajia bei ambayo haikuelekezwa na mtu yeyote duniani. Mzee wa Matarawe alipopata habari hakusema kitu. Alitabasamu tu, jambo lililoniudhi zaidi.

Supamaketi je? Huko bei zimebandikwa, nakubali. Nilichukua mafuta ya kupikia, rafuni yameandikwa 6,500. Kufika kwa mhesabu fedha, mashine ikalia 7,200.

"Binti, kule imeandikwa elfu sita na mia tano."

"Kompyuta ndiyo inasema hivi, baba."

"Na ile karatasi?"

"Ile ni ya mzigo wa zamani."

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na Tume ya Ushindani ipo. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanaokohoa kwa makusudi, na mimi si mtu wa kufungua kesi kwa ajili ya mia saba. Nililipa.

Waingereza wana amri yao ya 2004: duka lioneshe bei ya bidhaa, na kwa nyingi bei ya kila kilo au lita pia, ili paketi kubwa isimdanganye mtu kwa ukubwa wake. Natamani wakaguzi wao waje wafanye kazi Soko Kuu la Songea, kwenye meza ya nyanya. Bei ya fungu haibadiliki: mia tano. Ilikuwa mia tano nyanya zilipokuwa saba, ikawa mia tano zilipokuwa tano, na sasa ni mia tano nyanya tatu zimepangwa kwa ustadi, ile iliyopasuka ikiangalia nyuma. Bei ya kilo, mama? "Baba, wewe unataka nyanya au unataka hesabu?"

Anayenitia huruma hasa ni mkulima. Huyu anatoka Namtumbo au Peramiho na mahindi yake, mkoa wetu ukiwa miongoni mwa ghala za nchi hii. Akiuza kwa NFRA, wakala wa Serikali wa hifadhi ya chakula, walau anajua bei ya kilo, imetangazwa. Akiuza kwa mlanguzi, mnunuzi ndiye anayemtajia bei. Anazikunja zile noti, anakwenda mjini kununua mbolea na daftari za watoto, na huko bei anatajiwa na muuzaji. Mtu mmoja, siku moja, akiuza anaambiwa bei, akinunua anaambiwa bei.

Nilidhani vijana watatukomboa. Binti yangu anauza viatu mtandaoni, anapiga picha nzuri barazani kwetu, na chini yake anaandika kila kitu: rangi, saizi, "tunatuma mikoani". Bei hakuna. Nikamwambia, mwanangu, andika bei watu wasihangaike. Akanijibu kwamba akiandika bei hawataandika chochote, watapita tu, na biashara ni mazungumzo. Nikaona nisibishane. Kulikuwa na jozi moja nyekundu, nikafikiri ingemfaa mama yake. Binti yuko kwenye kochi hili, mimi niko kwenye kochi lile, nikamwuliza ni shilingi ngapi.

Hakuinua hata macho kwenye simu. "Njoo inbox, baba."