Namna ya Kuzuru Usukumani kwa Mtu Mwenye Haraka

Wewe unayeijua kila duara ya machimbo ya Nyarugusu na bei ya gramu ya dhahabu ya leo asubuhi, hebu weka nyundo na moko chini. Kuna ziara umeikwepa miaka yote, na utaratibu wake ndio huu.

Anza na salamu. Asubuhi ni "mwangaluka", jioni ni "mwadila", na anayetangulia ni wewe uliyekuja. Ukiwauliza wazee njia kabla ya kuwaamkia, njia utaonyeshwa, ila hadithi hutapewa.

Kutoka Geita huna tena kisingizio cha kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Pita Mwanza, shika barabara ya Musoma hadi Kisesa, kisha panda Bujora.

Hapo Bujora usikimbie. Makumbusho ya Wasukuma ni kazi ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeona kwamba Msukuma anaweza kusali bila kuvua Usukuma wake. Kanisa lake ni la duara kama msonge, na banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, ngoma za himaya zikiwa ndani. Muulize mwongozaji ngoma hii ni ya himaya ipi, kisha nyamaza. Mtu anayepiga picha ngoma zote bila kuuliza hata moja ameona ngozi na miti tu.

Wakati mzuri kuliko wote ni tamasha la ngoma la Bulabo, baada ya sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi Juni. Makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, hucheza wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni anayevuta watu wengi. Maana yake miguu yako ni kura. Usigande katikati na simu juu, hama ukivutwa. Utamwona mcheza ngoma ya bugobogobo akirusha jembe, likazunguka hewani, akalidaka kwa mpini bila kupoteza mdundo. Pembeni mtu amejivika chatu shingoni kama skafu. Kama unaogopa nyoka, ogopa ukiwa nyuma, usiwazibie wenzako.

Kisha geukia Kishapu, Shinyanga. Busiya ndiko alikotawala Mtemi Kidaha Makwaia, mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mwaka 1945. Seke ndiko alikozikwa Ng'wanamalundi, ambaye wazee husimulia kwamba alinyoosha kidole na miti ikakauka. Nenda na mwenyeji, vua kofia, sikiliza.

Lakini kaburini usiombe dhahabu. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu kanda yetu imewazika ndugu wenye ualbino waliouawa kwa ajili ya bahati ya machimbo na ya ziwa. Mganga anayekuahidi mwamba wenye mali kwa kiungo cha binadamu ni muuaji, na anayemlipa ni muuaji mwenzake. Ukimsikia, nenda polisi siku hiyohiyo.

Bulabo ijayo njoo na watoto, wajue babu zao walicheza nini. Lipa kiingilio bila kuomba punguzo, na mwongozaji umwambie "wabeja", yaani asante, kabla hujaondoka.