Namna ya Kuzuru Makumbusho Makubwa ya Dunia Ukitokea Pweto

Mwongozo huu ni wa mtu wa Pweto, na wa kila Mkatanga ambaye siku moja atasimama mlangoni mwa makumbusho makubwa ya Ulaya au Marekani, tiketi mkononi. Miongozo ya watalii imejaa tele, nayo karibu yote inahimiza yale yale: wahi asubuhi, vaa viatu laini, kimbilia Mona Lisa. Hiyo iliandikwa kwa watu ambao mali za babu zao ziko kwao. Mali za babu zetu ziko huko huko tunakokwenda kutembea, kwa hiyo tunahitaji namna yetu ya kuingia, ya kutazama na ya kutoka. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Anzia Lubumbashi, siyo Paris

Toka Pweto, pita Kilwa na Kasomeno, vumilia vumbi la kiangazi au matope ya masika. Ukifika Lubumbashi, kabla hujaenda sokoni wala kwa shemeji, nenda Makumbusho ya Taifa. Yalianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville. Uliza habari za Sanga, makaburi ya kale kando ya ziwa Kisale. Jacques Nenquin alianza kuyachimba mwaka 1957, Jean Hiernaux akaendelea mwaka 1958, na ardhi ikatoa vyungu vya ufinyanzi wa hali ya juu, mapambo ya shaba, zana za chuma na misalaba midogo ya shaba.

Simama mbele ya msalaba mmoja wa shaba na uutazame taratibu. Mtu aliyeutengeneza alichimba jiwe la kijani, akaliyeyusha kwa mkaa na mivukuto, akamimina shaba kwenye kalibu, kisha akapata kitu ambacho watu wa mbali walikikubali kama fedha. Haya yalifanyika karne nyingi kabla ya kampuni ya migodi ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Msalaba huo ulipata heshima hata ukawekwa kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960. Ukishauelewa, hakuna mtu wa Ulaya atakayekuambia kwamba shaba yetu iligunduliwa na wageni nawe ukaitikia kwa kichwa.

Hatua ya 2: Beba maswali matatu

Mtalii wa kawaida hubeba ramani na chupa ya maji. Wewe ongeza maswali matatu, na uyaulize mbele ya kila kitu kilicho nyuma ya kioo. Nani alikitengeneza? Kilifikaje hapa? Nani amepewa nafasi ya kukieleza?

Kibandiko kikisema tu "Katanga, karne ya 19, mbao", ujue hakijajibu hata moja. Kinachosema "zawadi ya Jenerali fulani" kimejibu nusu ya swali la pili, maana jenerali naye alikipata kwa mtu. Usione haya kumuuliza mlinzi au mhudumu. Umelipa kiingilio, na swali lako ni la haki kuliko la anayetafuta choo.

Hatua ya 3: Louvre na wenzake, usikawie

Louvre ya Paris ndiyo makumbusho yanayotembelewa zaidi duniani: mwaka 2024 ilipokea watu milioni 8.7. Tangu Januari 2026, mtu anayetoka nje ya Ulaya hulipa euro 32, na mwenyeji wa Ulaya hulipa 22. Kwa hiyo ukitokea Pweto unalipa zaidi. Basi tazama zaidi.

Mona Lisa ni ubao wa sentimita 77 kwa 53, ndani ya kioo kinene. Utamkuta amezingirwa na watu wengi wanaompa mgongo ili simu zao zipate uso wao na uso wake pamoja. Waache. Geuka upande wa pili wa ukumbi huo huo, ambako watu wachache hugeukia. Pale kuna Harusi ya Kana ya Veronese, picha yenye upana wa karibu mita 10. Ilichorwa kwa ajili ya watawa wa Venice, na majeshi ya Napoleon yakaiteka huko mwaka 1797, yakaipeleka Paris. Haijarudi mpaka leo. Kumbe Wazungu pia huporana, nao wana mizigo ambayo haijarudi kwao. Ukijua hilo, hutaona unyonge kudai chako.

Makumbusho ya Vatican hupata karibu watu milioni 7 kwa mwaka. Fuata msafara mpaka kanisa la Sistina, inua shingo uone dari ambayo Michelangelo alifanya kazi juu yake tangu 1508 hadi 1512, halafu mshukuru fundi huyo kwa uvumilivu wake. Kupiga picha ni marufuku, hivyo utalazimika kutazama kwa macho, na hiyo ni faida.

British Museum ya London haitozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu. Nenda kwenye jiwe la Rosetta, lililowasaidia wataalamu kusoma maandishi ya kale ya Misri. Watu wote husimama upande wa mbele. Wewe zunguka ubavuni, utaona maneno ya Kiingereza yaliyopakwa rangi yakisema kwamba jiwe lilitekwa Misri na jeshi la Uingereza mwaka 1801. Swali la pili limejibiwa na wenyewe, kwa mkono wao, juu ya kitu chenyewe.

Hatua ya 4: Tervuren, hapo kaa siku nzima

Tervuren, nje kidogo ya Brussels, haimo kwenye orodha ya makumbusho kumi yanayojaza watu. Kwenye orodha yako iweke ya kwanza. Na usianzie kwenye jengo. Anzia makaburini, kando ya kanisa la mji huo. Mwaka 1897 Mfalme Léopold II aliwaleta Wakongo 267 ili waonyeshwe kwa Wabelgiji kwenye vijiji vya kuigiza. Saba walifariki kule: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Soma majina yao kwa sauti. Wageni wengi hupita bila kujua kwamba wapo.

Sasa ingia ndani. Jengo lilifunguliwa mwaka 1910, likafungwa mwaka 2013 kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018. Utaonyeshwa mtumbwi wa mita 22.5 uliochongwa kwenye gogo moja, ambao ulimbeba Mfalme Léopold III alipozuru Kongo mwaka 1957. Mtu aliyekulia Pweto, akijua mtumbwi wa ziwa Moero unavyotaka kusawazishwa, ana haki ya kuukagua kwa jicho la fundi. Pia utaona ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo siku za Léopold II. Usiondoke kabla hujaona kazi ya Freddy Tsimba wa Kinshasa: amefanya majina ya wale Wakongo saba yaanguke kama vivuli juu ya ukuta huo huo.

Kisha mtafute Lusinga. Alikuwa chifu wa Kitabwa kaskazini mwetu, upande wa Moba, mwenye nguvu, na mwuzaji wa watumwa, tusimpake sukari. Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyejenga kituo cha Mpala kwenye Tanganyika mwaka 1883, alishindana naye kutawala nchi ile. Tarehe 4 Desemba 1884 askari wa Storms walimshambulia Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Storms akarudi kwao na fuvu, pamoja na sanamu ya mababu wa chifu. Sanamu iliwekwa nyumbani kwake Brussels kama pambo la sebule, na baadaye ikaingia Tervuren. Fuvu liko katika taasisi ya sayansi ya asili huko huko Brussels.

Sanamu za Kitabwa utazitambua: mwili ulionyooka, chale zilizopangwa kwa mistari, nywele zilizosukwa na kuteremka ndefu mgongoni. Watabwa wamo Pweto pia, pamoja na Wabwile, Wazela na Washila. Huenda unayeitazama sanamu hiyo una bibi wa ukoo huo. Ukimaliza, nenda kwenye ukumbi wa duara, ambako msanii Aimé Mpane ameweka fuvu kubwa la mbao kwa jina la Chifu Lusinga. Ndani ya jengo lililojengwa kumtukuza Léopold, Mkongo amemrudisha aliyeuawa katikati ya ukumbi, mahali ambapo hakuna atakayepita bila kumwona. Hicho ndicho kivutio kikuu cha safari yako yote.

Hatua ya 5: New York, nenda ukasalimie fundi

Metropolitan, mrengo wa Rockefeller uliofunguliwa upya Mei 2025, una kiti cha kifalme cha Kiluba kilichobebwa na mwanamke wa mbao. Mtazame vidole: vinagusa kiti kwa ncha tu, ingawa mzigo wote uko juu yake. Uso ni mrefu, mashavu yamebonyea, macho mazito. Kwa miaka mingi fundi huyu aliitwa "Bwana wa Buli", kwa jina la kijiji, kwa sababu waliochukua kazi zake hawakujali kuuliza jina lake. Baadaye lilipatikana jina ambalo wataalamu wengi wanalihusisha naye: Ngongo ya Chintu. Litamke. Picasso anatajwa kwa jina, naye atajwe.

Ukiwa na nauli ya treni, vuka hadi Brooklyn Museum ukaulize lukasa, ubao wa Kiluba unaoshikwa mkononi, uliopachikwa shanga. Wazee wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kupitisha kidole, wakisimulia habari za mashujaa wa kale wa Kiluba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga, shanga kwa shanga. Nyuma ya kioo hakuna kidole kinachoufikia. Historia yetu imefika Marekani, na msomaji wake hakupelekwa.

Hatua ya 6: Amsterdam, kwa sababu pale kuna Kiswahili chetu

Makumbusho yaliyojulikana kama Tropenmuseum yana hazina ya picha za Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yetu kwa picha 101, nyingi kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na kila picha akamsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili cha Katanga. Mtalii wa Uholanzi anahitaji tafsiri ili amfuate. Mtoto wa Pweto haihitaji. Mbele ya picha hizo wewe ndiye mtaalamu, basi andika barua kabla hujasafiri, omba kuzionyeshwa, na ukifika eleza unachokiona.

Hatua ya 7: Kama viza imekataa

Viza ya Schengen ni euro 90, na ukinyimwa hazirudi. Usikate tamaa. Nunua mega, kaa mahali penye mtandao mzuri. Louvre iliweka mkusanyiko wake wote mtandaoni mwaka 2021, na Metropolitan inatoa picha za kazi zake nyingi bila malipo. Tafuta kwa majina ya makabila na mahali: Tabwa, Luba, Moero, Mpweto, kwa tahajia zote walizotumia wakoloni. Onyesha picha kwa wazee wa mtaa na uandike wanachosema. Mzee wa Kilwa au Luanza anaweza kujua matumizi ya kitu ambacho kibandiko kimeshindwa kukieleza.

Na fuatilia habari za kurudishwa kwa mali. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114, na baadhi viliibwa baadaye. Mwaka 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu takriban 84,000, na Mfalme Philippe akaleta Kinshasa barakoa moja ya Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Kukopeshwa chako mwenyewe hakutoshi. Ukiwa na kura, na mbunge, na kalamu, sema hivyo.

Hatua ya 8: Ukirudi, fungua chumba

Pweto haihitaji jengo la mawe ili kuanza. Chumba kimoja cha shule chenye kufuli nzuri kinatosha. Weka kasia, wavu wa kusukwa kwa mkono, chungu, jembe la mfua chuma, msalaba wa shaba kama ukoo utakubali kuuazima. Omba ruhusa, wala usinunue kwa bei ya njaa. Mwite chifu, mwite padri, mwite mwalimu, na watoto wa darasa la tano wawe waongozaji. Weka daftari la wageni.

Kisha andika vibandiko, na hapo tuwashinde Paris na London. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, liandikwe jina la mtu aliyetengeneza kitu. Chini yake, jina la aliyekileta na namna alivyokipata. Kama jina la fundi halijulikani, tuma wanafunzi wakalitafute vijijini kabla wazee hawajatutoka, na kibandiko kisubiri mpaka warudi.