Kiboko Hana Miadi

Mkazi wa Bujumbura akichelewa kurudi nyumbani ana sababu mbili ambazo hakuna mke wala mume anayeweza kuzibishia: mafuta yalikosekana kituoni, au kiboko alikuwa amesimama katikati ya barabara. Ya kwanza tumeizoea mpaka haituchekeshi tena. Ya pili wageni hudhani tunatia chumvi. Basi waende Kinindo au Kabondo usiku, upande wa ufukweni, wakajionee. Giza likishaingia viboko hutoka Ziwa Tanganyika, wakaingia kwenye nyua za watu kula nyasi, na mmoja humaliza kama kilo 40 kwa usiku. Mwenye nyumba akiamka anakuta bustani imenyolewa na ukuta umepakwa mavi kwa mkia, maana kiboko haondoki bila kutia saini. Mwaka 2024, ziwa lilipofura na kumeza nyumba za ufukweni, hawakuhitaji hata kupanda. Maji yaliwafikisha mlangoni. Watu wa Gatumba walipoteza makazi yao, na hilo si la kuchekea.

Kwa hiyo nilipomwambia Mjomba kwamba nataka twende Hifadhi ya Rusizi kupiga picha za viboko, aliweka spana chini, akanitazama kwa huruma, kisha akauliza kama kuna kiingilio. Nikasema kipo.

“Yaani unalipa ili umwone jirani?”

Mjomba ni fundi magari wa Buyenzi, na Buyenzi, ambako kila uchochoro una gari lililofunguliwa boneti, neno la fundi mwenye Probox yake haliangushwi hivi hivi. Ilibidi nimwahidi kwamba tutalala huko na kwamba nyama ya kuchoma ni juu yangu. Wa tatu alikuwa rafiki yangu mpiga picha wa arusi, ambaye mtaa mzima unamwita Tabasamu kwa sababu ndiyo amri yake ya kwanza na ya mwisho kwa maharusi. Yeye alikuwa na lenzi ndefu. Sisi wengine tulikuwa na simu na matumaini.

Rusizi si mbali. Unashika barabara ya kwenda Uvira, na muda si mrefu umefika pale ambapo mto unaotoka Ziwa Kivu unajimwaga Tanganyika. Pamelindwa tangu 1980, na mwaka 2002 pakaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kaskazini kuna mikoche. Kusini, kwenye delta, kuna matete, tope, mwari, korongo, mamba na viboko. Mpiga picha hapungukiwi kitu hapo, isipokuwa mafuta ya gari. Foleni ya kituoni ilitumalizia alfajiri yote, na alfajiri ndiyo saa yenyewe. Tulipofika, jua lilikuwa limeshakuwa kali na viboko wote wamezama hadi puani.

Nisiwalaumu. Ngozi ya kiboko hukauka haraka juani, ndiyo maana mchana hujifungia majini, na Mungu amempangia macho, masikio na pua juu kabisa ya kichwa ili asisumbuke kutoka. Kwa mwenye kamera maana yake ni kwamba mnyama wa tani mbili anaonekana kama mafiga matatu yaliyosahauliwa mtoni. Ukilenga, anazama. Anaweza kukaa chini kama dakika tano, na akiibuka anaibukia mahali ambapo lenzi haipo.

Tabasamu hakujua kufanya kazi kimyakimya. Alipiga goti ukingoni akaanza kama alivyozoea ukumbini: “Mzee wa kushoto, sogea kidogo. Mama, inua kidevu. Huyo mtoto mleteni mbele.” Askari wa hifadhi aliyetuongoza alimsikiliza kwa adabu. Kisha dume mmoja akafunua kinywa chote, akatuonyesha meno yake ya chini, ambayo kwa dume mzima yanaweza kufika nusu mita.

“Huyu anaelewa kazi!” Tabasamu akasema, akasogea mbele.

Yule askari alimshika mkanda wa suruali akamrudisha nyuma bila kupandisha sauti. Ilionekana mikanda mingi imeshapita mikononi mwake. Akatueleza kwamba kiboko akipiga miayo mbele yako hana usingizi, anakuonya. Akaongeza kwamba nchi kavu anaweza kukimbia kilomita 30 kwa saa. Sote tukaangalia miguu ya Tabasamu. Alikuwa amevaa ndala.

Picha zilizopatikana zilikuwa nyingi na, kwa macho yangu, baadhi zilikuwa nzuri sana. Lakini mpiga picha wa arusi ana kanuni zake. Jioni alikaa na kamera akizichambua: “Huyu amefumba macho.” Akafuta. “Huyu hatazami kamera.” Akafuta. “Hawa wawili mmoja amempa mwenzake mgongo, ndoa hii haina maisha.” Akafuta. Alichobakiza ni ng'ombe mmoja mwenye pembe ndefu tuliyempita njiani, aliyesimama wima, ametazama kamera, na nyuma yake hakuna mtu anayekula.

Sasa kuna lile suala la Gustave. Kabla hatujaondoka, Buyenzi yote ilikuwa imetuagiza picha moja tu, ya huyo mamba. Kwa asiyemjua: Gustave ni mamba wa Rusizi na kaskazini ya ziwa aliyepewa jina na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi hapa miaka mingi akifuatilia nyoka na mamba. Urefu wake ulikadiriwa kufika mita sita. Hadithi zinamhesabia watu mia tatu, ingawa sijaonyeshwa daftari. Faye na wenzake walimtega kwa kizimba kikubwa cha chuma, wakabadilisha chambo, wakasubiri, na filamu ya kazi hiyo ikatoka mwaka 2004 ikiwa na kila kitu isipokuwa mamba ndani ya kizimba. Mwaka 2007 Hollywood nao wakatoa filamu yao, Primeval, lakini waliipiga Afrika Kusini. Watu wenye dola zote zile walishindwa. Sisi tulitarajiwa kumleta kwenye simu.

Kinachomuuma Mjomba katika habari ya Gustave ni meno. Wataalamu walidhani ana zaidi ya miaka mia, halafu wakaona kinywa chake bado kimejaa, wakamshushia hadi kama sitini. Mjomba hajafika sitini, na upande wa kulia anatafunia ufizi. Huichukulia kama dharau ya binafsi.

Ndiye aliyeona gogo. Lilikuwa limelala kwenye tope ng'ambo ya mto, refu, lenye magamba, kichwa kimezama. Askari alisema ni gogo. Mjomba akasema askari analipwa ili aseme hivyo. Tulilipiga picha kwa dhati kuliko mnyama yeyote wa siku ile, nalo, kwa kuwa lilitulia, lilitoka vizuri kupita wote. Picha hiyo sasa imezunguka Buyenzi, na mara ya mwisho niliposikia, wazee wawili walikuwa wanabishana kama ni dume au jike.

Hatukuwa wa kwanza kuja kwenye mdomo huu wa mto kutazama na kuhangaika. Wasafiri Burton na Speke walifika upande wa Uvira mwaka 1858 wakitaka kujua kama Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wenyeji waliwaambia unaingia. Hawakuufikia wenyewe, kwa hiyo mabishano yaliendelea Uingereza kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Stanley na Livingstone walipokuja na mtumbwi, Novemba 1871, wakahakikisha kwamba unaingia. Mjomba aliposikia hivyo alicheka mpaka akakaa chini. “Wangemuuliza mvuvi,” alisema.

Kulala tulilala kwenye kiwanja cha shemeji yake, nje ya mpaka wa hifadhi. Hema tulilinunua mtumbani: imara, la Ulaya, lina madirisha ya wavu na mifuko ya kuwekea viatu, ila vyuma vya kulisimamisha vilibaki huko lilikotoka. Mjomba akatoa ekzosi ya zamani na jeki kwenye buti, akafunga kona nyingine kwenye mlango wa nyuma wa Probox. Likasimama, limeinama upande mmoja, na kila mtu alilala juu ya mwenzake. Usiku viboko walipanda kula. Hakuna anayeweza kukueleza sauti ile hadi uisikie ukiwa umetenganishwa nayo na kitambaa: inacheka, inakoroma, kisha inatafuna karibu na sikio lako. Tabasamu alitaka kutoa kamera nje na kupiga kwa mwanga wa flashi. Mjomba akachukua betri, akailalia.

Alfajiri, hatimaye, kwazi alitua kwenye nguzo ya ua, kifua cheupe kimegeukia mwanga wa kwanza, samaki kwenye kucha. Betri ikarudishwa. Tabasamu akashusha pumzi, akalenga. Hapo simu ya Mjomba ikaadhini, sauti ya juu kabisa, kama alivyoipanga asipitwe na sala akiwa gereji. Kwazi akaondoka na samaki wake. Mjomba akatuambia tusimsingizie ndege: wito ulikuwa wetu, si wake, na akaenda kutawadha.

Tulirudi Buyenzi na ng'ombe na gogo. Jirani yangu, ambaye ni mlinzi wa usiku kwenye nyumba moja ya Kinindo, alizitazama picha zetu kwa upole, kisha akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Kiboko mzima, miguu minne, chini ya taa ya geti, nyasi zinaning'inia mdomoni. Nilimuuliza alitumia mbinu gani. Akasema alikuwa anakunywa chai. Tabasamu aliivuta picha, akaikuza, akaichunguza kwa muda mrefu.

“Macho yamefunguka,” akasema, akamrudishia simu.

Hata hivyo nakushauri uende Rusizi. Ndege peke yao wanarudisha kiingilio. Weka mafuta tangu jana yake, fika kabla jua halijawa kali, mfuate askari wa hifadhi, na usisimame kamwe kati ya kiboko na maji: akishtuka hukimbilia majini kwa njia yake ileile, wala hamzunguki mtu. Ukimkuta mjini usiku, usipige honi na usiwashe flashi. Mwache apite kwanza.