Sifa za Kisanduku Kipigacho Hodi

Leo, kabla ya chai ya saa nne, nimeombwa ruhusa mara 11. Nina miaka 54, na sikumbuki aliyepata kunipa heshima hiyo. Wazazi hawakuniuliza waliponipeleka chuo cha uhasibu. Wakwe hawakuniuliza nina uwezo gani, walitaja mahari. Mwajiri amenihamisha mara tatu kwa barua zinazoanza na "Unaarifiwa". Anayenipigia hodi na kungoja nimkaribishe ni mmoja tu: programu ya ulinzi ya kompyuta yangu ya ofisini, na kisanduku chake cha njano kinachochomoza pembeni mwa skrini. "Programu hii inataka kwenda mtandaoni. Je, unaiamini?"

Unyenyekevu ulioje! Mlinzi anayeweza kupekua maelfu ya mafaili wakati mimi nakoroga sukari, anamgeukia mhasibu asiyejua hata kubadili wino wa printa na kumwuliza kama svchost.exe ni mtu mwema. Svchost mimi nitamjulia wapi? Simjui ukoo wake wala kwao. Hata hivyo nimekaa kitini kama kadhi, nimekohoa kidogo, nimeruhusu. Mwaka 2010 programu ya ulinzi ya McAfee haikuuliza mtu. Ilijiamulia kwamba svchost huyohuyo, sehemu ya Windows yenyewe, ni kirusi, na kompyuta nyingi za Windows XP zikawa zinazima na kuwaka zenyewe bila kikomo. Hiyo ndiyo hasara ya kutomshirikisha mhasibu.

Tena programu yangu haichoki. Hodi zetu ni tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Hodi zake hazina idadi. Nilishatia alama palipoandikwa "Kumbuka jibu langu", nikadhani tumemalizana. Kumbe haimtambui mtu kwa jina wala kwa sura, bali kwa kitu kama alama ya kidole: mlolongo wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Faili likiguswa padogo tu, mlolongo wote unageuka. Basi programu ya hesabu niliyokula nayo chumvi miaka tisa ikipata toleo jipya Jumanne usiku, Jumatano asubuhi ni mgeni. Ni mlinzi wa getini anayemwandikisha mwenye nyumba kwenye daftari la wageni kwa kuwa jana alinyoa ndevu. Na mimi, kila mwezi, napata furaha ya kutambulishwa upya kwa rafiki wa zamani. Wangapi wana bahati hiyo?

Sifa nyingine nazipitia mbiombio. Inafundisha subira. Inaipasha moto kompyuta, jambo la manufaa msimu wa baridi ukifika Dar es Salaam.

Ila mwezi uliopita, tarehe 25, siku ya mishahara, haikupiga hodi. Ilikataa tu. Programu ya malipo haikuwamo kwenye orodha ya zinazoaminika, na isiyomo humo siku hizi idhini yake hutoka Kitengo cha TEHAMA kwa fomu. Fomu inataka sahihi tatu: yangu, ya mkuu wa idara, na ya bwana mmoja aliyekuwa likizo Tanga. Nikataka kuichapa, programu ya printa nayo haikuwamo. Watu 140 wanangoja kodi za nyumba na ada za watoto, wananipigia simu mmoja mmoja kana kwamba hela nimekula mimi, nami natakiwa nieleze "sababu za kuaminiwa" katika mistari miwili yenye nukta nukta! Mistari miwili!

Nikapanda ghorofani. Kijana wa TEHAMA akaniamkia, akanivutia kiti, akanifungulia kanuni zote za mlinzi wetu nizione. Zilizidi 80. Moja ilikuwa ya projekta ya mzee mwenzangu aliyestaafu zamani. Projekta yenyewe ilishauzwa. Na juu kabisa, kanuni ya kwanza, iliruhusu kompyuta moja kutuma chochote popote.

"Hiyo ya Mkurugenzi, mzee. Alichoka kuulizwa."

"Na hizi 80 za chini hazimgusi?"

Akanieleza kwa upole kwamba kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini. Inayolingana kwanza ndiyo inayofuatwa. Zilizobaki hakuna anayezitazama.

Nikamkumbusha shambulio la kompyuta la Ukraine mwaka 2017. Wahalifu hawakuvunja mlango wowote: walijificha ndani ya toleo jipya la M.E.Doc, programu ya uhasibu ambayo makampuni yaliiamini, na hata Maersk, wenye meli, wakalazimika kuweka upya kompyuta 45,000. Alijua. Walifundishwa chuoni, na alipata alama nzuri. Nikamwuliza kompyuta yake yeye inalindwa kwa kanuni zipi.

"Hii sijaiwekea, mzee. Inafanya mashine iwe nzito."

Kisha akabofya mara mbili, na programu ya malipo ikaaminiwa. Fomu, alisema, nimletee nikishapata sahihi.